India, China au Ujerumani: mdogo wangu aende wapi?

Ngosha wa Ilemela
Wakuu salaam. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, matokeo mazuri tu. Familia imekubaliana akasome nje. Mezani kuna India, China na Ujerumani. Wakala anatukimbiza tulipie fomu kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi nzuri? Mlioko huko semeni ukweli.

Kipanga
Mkuu, mada umeileta nusu. Nzuri kwa kozi ipi? Kombi gani, pointi ngapi, mfukoni kuna kiasi gani? Tupige ramli?

Ngosha wa Ilemela
PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Anataka mambo ya afya.

Kipanga
Afya ipi? Udaktari, famasia, maabara? Na hela bado umeikwepa.

Bi Shamsa
India, wala usihangaike. Nimesoma Pune miaka yote, unajipikia mwenyewe, darasani ni Kiingereza. Akifika tu ajiandikishe FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, pale hawana utani. Ila iwe famasia au maabara. Udaktari India hata mgeni anadaiwa NEET, mtihani wa kuingia udaktari ambao watoto wao zaidi ya milioni mbili wanaugombania kila mwaka.

Ngosha wa Ilemela
Ni udaktari. Tuna kama milioni 15 kwa mwaka, kila kitu humo humo.

Kipanga
Sasa tunaongea. Pointi je?

Stetho
Mimi nazungumzia China maana niliisoma. Wakala wangu alisema "kila kitu Kiingereza". Darasani kweli, ingawa mwalimu wa anatomia alikuwa anasoma slaidi neno kwa neno, ukiuliza swali anarudi slaidi ya kwanza. Wodini sasa! Mgonjwa ni bibi wa kijijini, Kiingereza hajui, na hata Kichina chenyewe anaongea cha kwao. Unasimama na koti lako jeupe unatabasamu. Tuliohangaika na HSK, mtihani wa Kichina, mapema ndio tuligusa wagonjwa, wengine walishika mafaili tu. Januari 2020 nikarudi nyumbani likizo ya mwaka mpya wao, mwezi wa tatu mipaka ikafungwa kwa korona, mpaka 2022 upasuaji nauangalia kwenye simu, bando nanunua mwenyewe, na ada chuo kinadai yote. Wakala? Namba haipatikani. China vyuo vizuri vipo, ila Wizara yao ya Elimu ina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza. Chuo cha wakala wako kimo?

Ngosha wa Ilemela
Jina la chuo hajatupa bado. Anasema tulipie fomu kwanza.

Bi Shamsa
Hee! Mnalipia chuo kisicho na jina?

Mzee wa Hamburg
Ujerumani vyuo vya serikali vingi havina ada, hilo kweli. Wasichokwambia: viza inataka akaunti iliyofungwa, ile benki inakuachia kidogo kidogo kila mwezi, yenye euro 11,904 za mwaka mmoja. Hiyo ni zaidi ya milioni 30, bajeti yako imeshakatika. Udaktari unafundishwa Kijerumani, na kwa cheti chetu cha kidato cha sita anaweza kupitishwa kwanza Studienkolleg, masomo ya maandalizi kabla ya chuo. Vibarua vipo, siku 140 kwa mwaka, ila mwanafunzi wa udaktari kibarua atafanya saa ngapi?

Mtu wa Bububu
Kwani lazima nje? Muhimbili, KCMC, Bugando zimefanya nini? Hata IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wapo Zanzibar tangu 2023, Wahindi wametufuata wenyewe.

Kipanga
IIT wanafundisha udaktari?

Mtu wa Bububu
Nimesema udaktari mimi? Nasema tunapenda ndege. Mtoto akisoma Mwanza mama hana picha ya uwanja wa ndege ya kuweka kwenye stetasi.

Stetho
Usibeze, nafasi za udaktari hapa hazitoshi, wenye sifa wanaachwa. Ngosha, chuo chochote kile, mwulizie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza. Sifa za kuingia anazozitazama TCU ni hizi hizi za hapa nyumbani, na Baraza la Madaktari linamsubiri akirudi. Ndiyo maana tunauliza pointi.

Kipanga
Pointi, mkuu. Mara ya tatu hii.

Ngosha wa Ilemela
Fizikia ana E, nyingine ziko poa. Wakala kasema China hiyo haina shida.

Bi Shamsa
Famasia Pune, mwanangu.

Mchuchu
Samahani kuingilia, Goethe, kile kituo cha Wajerumani pale Upanga, Kijerumani cha mwanzo wanaanza lini?

Mzee wa Hamburg
Njoo PM, nina vitabu vyangu vya zamani nauza.