Fomula ya IF ya PAYE inakata kodi ndogo, nimekosea wapi?

Swali
Habari wakuu. Naandaa jedwali la mishahara kwenye Excel, Tanzania Bara, na nataka likokotoe PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Safu ya C ni mshahara unaotozwa kodi, yaani NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) 10% imeshatoka. Fomula inaanza hivi:

=IF(C2>270000,(C2-270000)*8%,IF(C2>520000,20000+(C2-520000)*20%, ...

Mwenye 1,080,000 anakatwa 64,800 wakati kwa viwango vya TRA (Mamlaka ya Mapato) ni 152,000. Excel haionyeshi kosa lolote.

Jibu
Mkuu, mpangilio ndio umekuponza. IF ikikuta sharti la kwanza ni kweli inaishia hapo hapo. Kila aliyezidi 270,000 anakatwa 8% basi, hayo masharti mengine hayafikiwi kamwe. Anzia juu ushuke:

=IF(C2>1000000,128000+(C2-1000000)*30%,IF(C2>760000,68000+(C2-760000)*25%,IF(C2>520000,20000+(C2-520000)*20%,IF(C2>270000,(C2-270000)*8%,0))))

IF ni nne, kwa hiyo mwishoni funga mabano manne. Ukiisahau ile 0, wa mshahara mdogo atatokea na neno FALSE. Na usiandike 1,000,000 ndani ya fomula, koma pale ni kitenganishi.

Muulizaji
Asante sana, imekubali. Ila C7 ina 850000 na inaleta 83,000. Kwa mkono napata 90,500.

Jibu
Hiyo 850000 ni maandishi, si namba. Angalia, bila shaka imeegemea kushoto mwa seli. Excel ikilinganisha maandishi na namba, maandishi ndiyo makubwa siku zote, hivyo sharti la >1000000 linapita. Ikifika kwenye kutoa inayageuza kuwa namba: 850,000 kutoa 1,000,000 ni -150,000, asilimia 30 yake ni -45,000, ukijumlisha na 128,000 unapata 83,000. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana hata IFERROR, ile fomula ya kunasa makosa, haina cha kukamata.

Hakiki kwa =ISNUMBER(C7). Ikisema FALSE, chagua safu ya C, ingia Data, Text to Columns, kisha Finish.

Jibu lingine
Mimi ningeachana na IF kabisa. Weka H2:H5 mipaka 270000, 520000, 760000, 1000000. I2:I5 weka ongezeko la kiwango kwa kila ngazi: 8%, 12%, 5%, 5% (mfano kutoka 8% hadi 20% ni 12%). Kisha tumia SUMPRODUCT, inayozidisha kila ngazi na kujumlisha:

=ROUND(SUMPRODUCT((C2>$H$2:$H$5)*(C2-$H$2:$H$5)*$I$2:$I$5),0)

Viwango vikibadilika unagusa H na I tu. Alama za $ ni lazima, la sivyo ukivuta fomula kwenda chini jedwali nalo linahama. Ijaribu kwenye mipaka yenyewe: 520,000 itoe 20,000, 760,000 itoe 68,000, milioni moja itoe 128,000. ROUND nayo usiiondoe. Ukificha senti kwa kubadilisha mwonekano wa seli tu, zinabaki ndani na jumla ya chini inaweza kupishana kwa shilingi moja mbili na ukijumlisha unachokiona.