Naomba ushauri: mwenzangu wa gemu anacheka mtumbwi ukizama

Wadau habari zenu, niko hapa Kondele, Kisumu, natengeneza gemu kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu), mchezaji anavua samaki Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, na mwenzake anayeendeshwa na kompyuta, nimemwita Akinyi. Nimempa namba mbili, hofu na imani, 0 hadi 100. Shida hisia zinaruka, juzi mtumbwi umezama, wavu umeenda, sekunde mbili tu anacheka ati "leo tunakula mbuta!" Nikamwekea taima ya sekunde 30 kabla hisia ibadilike, sasa ananuna hata ukimwokoa kutoka kwa kiboko wa ziwani, afadhali hata ile ya kwanza. Naomba kujua, hofu ishuke polepole aje bila kumgandisha? Na kumbukumbu ya matukio niiweke kando na hisia ama pamoja?