Tupeane uzoefu: ulinunua kiwanja au nyumba ukisubiri bei ipande, ikawaje?

Ihumwa Juu
Wakuu, heshima kwenu. Jana nimepita Mtumba, nikaona maghorofa ya wizara, nikakumbuka Julai 2016 Hayati Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Simu za madalali hazikupumzika. Shamba la mtama ambalo mwenyewe alikuwa anabembeleza watu walichukue, likaanza kuuzwa kwa mita. Mwenye kisa chake akiweke hapa, cha faida au cha maumivu.

Mama Wapangaji
Kigamboni tunaijua hiyo. Daraja lilipofunguliwa 2016 kila mtu alisema bei itaruka. Viwanja vilipanda, ila kodi za vyumba hazikuvifuata. Nina vyumba Kibada. Mpangaji anaanza kupiga hesabu ya nauli ya kwenda mjini, ndipo anauliza kodi. Usinunue kwa kuangalia kiwanja cha jirani kimeuzwa bei gani. Uliza jirani anapangisha bei gani.

Tofali Sita
Kweli tupu.

Kocha wa Viwanja
Mnajitesa na wapangaji bure. Nunua pori, weka bikoni za mipaka, lisahau miaka 10. Ardhi haimtupi mtu.

Mpimaji Mstaafu
Mkuu, usipotoshe watu. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Hati nyingi za makazi zinakutaka uendeleze ndani ya miezi 36. Ukilisahau hilo pori, kodi ya ardhi inalimbikizana na jirani anasogeza bikoni usiku.

Kocha wa Viwanja
Mapori yamejaa kila kona na wenyewe wapo. Nioneshe mmoja aliyenyang'anywa.

Mpimaji Mstaafu
Wapo waliofutiwa. Wewe unapanga utajiri wako kwa kutegemea kwamba afisa hatafungua faili?

Dada wa Tabata
Acheni kwanza ugomvi, mada hii imenigusa penyewe. Nilikuwa natafuta nyumba ya kupangisha, nikapata Tabata, maji yapo, wapangaji wamo. Mzee mwenye nyumba mtu wa swala tano, mpole, ananiita mwanangu. Tukaandikishana kwa wakili, serikali ya mtaa wakagonga muhuri, mashahidi pande zote. Sehemu ya ridhaa ya mke imesainiwa na picha ya pasipoti imebandikwa.

Siku ya kukabidhiwa nafika na fundi rangi. Nakuta mama mtu mzima ametandika godoro barazani, kichwa kiko kwenye kizingiti, kajifunika kanga hadi kidevuni. Akaitikia shikamoo yangu vizuri tu. Akasema, "Mwanangu, tofali za kwanza za nyumba hii nimefyatua mimi. Mimi sijasaini kitu." Nikatoa nakala ya mkataba nikamwonesha. Akaiangalia ile picha kwa muda mrefu, akanirudishia. Mwanamke wa kwenye picha ni mwingine kabisa!

Simu ya mzee haipatikani. Wapangaji wote wametoka milangoni, fundi kashika ndoo yake hajui aiweke wapi. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba, mauziano yakafutwa. Hela narudishiwa vipande vipande, tena kwa kufuatilia. Mama sina kinyongo naye hata kidogo.

Tofali Sita
Duh. Pole sana dada.

Njiapanda
Yule wa kwenye picha alikuwa nani? Tunaomba mwendelezo.

Dada wa Tabata
Hadi leo hajulikani.

Mpimaji Mstaafu
Pole mwanangu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mke akae mbele ya wakili, na kitambulisho chake mkononi.

Mama Wapangaji
Mimi naenda jioni bila dalali, nanunua kitu genge la jirani, nauliza mama wa nyumba ile hajambo? Majirani wanasema yote.

Kocha wa Viwanja
Ndiyo maana nasema pori. Pori halina mke.

Njiapanda
Pori lina wake watatu na shangazi, mkuu. Mimi nakimbia kabisa mali za mirathi.

Tofali Sita
Mirathi ndiyo yenye bei nzuri! Msimamizi awe na barua ya mahakama na warithi wote wasaini.

Mgeni Dodoma
Samahani kurudisha nyuma. Nimeoneshwa kiwanja Ihumwa, muuzaji ana hati, anataka advansi kesho kwa sababu reli ya SGR imeshafika na bei itapanda. Nitoe?

Ihumwa Juu
Treni inafika Dodoma tangu 2024, na bei aliyokutajia imeshahesabu reli. Usipandishiwe mara ya pili.

Mpimaji Mstaafu
Usitoe hata senti. Chukua namba ya hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukalipie upekuzi, uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Na andikeni kabisa nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Ni ya muuzaji, lakini wengi wanakuachia wewe. Akikataa kukupa namba ya hati, panda hiyo hiyo treni urudi.