Je, sato anaweza kuzaa trauti, au perege wa Ziwa Chala?

Mfugaji, Kahe
Habari za humu, ndugu zangu. Ninafuga sato kwenye mabwawa ya udongo huku Kahe, Moshi. Nimesikia kwamba Wajapani wamefanikiwa kumfanya samaki wa aina moja azae samaki wa aina nyingine, mzazi akiwa rahisi kutunzwa na watoto wakiwa wa bei kubwa. Ningependa kujua kama sato wangu wanaweza kunizalia trauti, ambao hoteli za kitalii huwahitaji, au walau perege wa asili wa Ziwa Chala. Je, watoto hao hawatakuwa machotara?

Mwalimu wa baiolojia, Arusha
Ndugu yangu, habari hiyo ni ya kweli, ila masharti yake ni mengi. Goro Yoshizaki na wenzake wa Tokyo walionyesha mwaka 2004 kwamba salmoni aina ya masu anaweza kutoa mbegu za trauti, na mwaka 2007 wakapata salmoni, madume kwa majike, waliozaa trauti watupu. Seli changa za uzazi huchukuliwa kwenye korodani za samaki anayetakiwa, kisha huchomwa kwa sindano ya kioo, chini ya darubini, ndani ya tumbo la kifaranga aliyetoka tu kuanguliwa, ambaye kinga yake ya mwili bado ni changa mno kuzikataa. Seli hizo hujiendea zenyewe hadi mahali ambapo viungo vya uzazi vinachipua. Zikijikuta ndani ya dume huwa mbegu, na zikijikuta ndani ya jike huwa mayai, hata kama zilitoka kwa dume. Jambo hilo hunishangaza hadi leo.

Uchotara usikupe wasiwasi. Mzazi mbadala huandaliwa akiwa tasa, mathalani kwa kupewa seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo hana mayai wala mbegu zake mwenyewe za kuchanganya.

Mtotoleshaji wa vifaranga, Usa River
Naongezea kwa Mwalimu. Trauti ni ndugu wa salmoni, ilhali sato ni wa ukoo wa mbali kabisa, na trauti hawezi joto la bwawa la Kahe. Zaidi ya hayo, wafugaji wa sato tunalia kilio cha kinyume: sato hupevuka katika miezi michache na kujaza bwawa kwa watoto kabla hajafikia uzito wa sokoni, ndiyo maana tunatafuta vifaranga vya madume matupu. Njia hiyo inalengwa kwa samaki kama jodari mkubwa, anayechukua miaka kadhaa kupevuka na kuhitaji vizimba vipana baharini, ili kibua wa kutunzwa tangini azae kwa niaba yake. Ukimfungua kinywa jike la sato ukakuta amefumbata mayai ya manjano, yakusanye mapema uyatotoleshe kwenye mtungi wa maji yanayozunguka. Hilo litakulipa zaidi.

Mhifadhi, Moshi
Kwa biashara nakubali, lakini perege wa Chala ni suala jingine. Samaki huyu, Oreochromis hunteri, asili yake ni ziwa hilo moja tu la volkano, na yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mayai ya samaki hayahifadhiki kwa kugandishwa, kwa kuwa ni makubwa na yamejaa kiini, ila korodani huhifadhika: mwaka 2013 timu hiyohiyo ya Yoshizaki ilitangaza kupata trauti kutokana na korodani zilizogandishwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Sato, aliye wa jenasi moja na perege wa Chala, ndiye ningemfikiria kwanza kuwa mzazi mbadala, ingawa kazi hiyo ni ya maabara.

Hata hivyo, Mfugaji, vifaranga vya namna hiyo visikae Kahe. Masika mabwawa yakifurika, maji yanateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na perege wa aina tofauti huzaliana wao kwa wao, wakatoa machotara, kwa urahisi mno.

Mfugaji, Kahe
Nimewaelewa, asanteni. Trauti nimeachana nao. Mtotoleshaji, mtungi huo hutengenezwa kwa chupa kubwa za maji, au ni lazima uagizwe?