Hofu ya Kitonga ilishaisha kabisa, mbona imenirudia nikiwa Mbeya?

MamaVitunguu
Kamwene wakuu. Mimi nafanya biashara ya vitunguu, nachukua Ruaha Mbuyuni napeleka Iringa mjini. Mwaka juzi tunashuka mlima wa Kitonga na kosta, lori la nyuma yetu likafeli breki, likatupita linapiga honi mfululizo likaenda kujikita kwenye ukuta wa mlima. Sisi hatukuguswa ila ile harufu ya breki zilizoungua ilijaa garini, mpaka kitenge changu kilinuka. Baada ya hapo nikawa siwezi kupita pale. Mdogo wangu akaanza kunisindikiza kila Alhamisi, wiki za kwanza viganja vinalowa jasho, ikawa inapungua yenyewe, mwezi wa tatu nashuka huku napiga stori na konda. Nikajua imefutika.

Sasa nimekuja Mbeya kumuuguza shangazi, Kitonga sijapita kama miezi mitano. Juzi tuko kwenye mteremko wa Mlima Nyoka nikasikia harufu ileile. Moyo mbio, magoti hayana nguvu, nikamwambia dereva nishushe. Nimekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara nalia kama mtoto. Ina maana kazi yote ile imepotea, naanza upya?

SukaWaTunduma
Pole sana dada yangu. Mimi naendesha semi, na kila nikitoka likizo ndefu ule mteremko wa kwanza lazima tumbo livurugike, wa pili kidogo, wa tatu nimesahau. Usikae mbali na barabara muda mrefu.

Muuguzi_Uyole
Dada pole, na hujapoteza kitu, naomba hilo uliamini kwanza. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, wanaorudiwa hivi nawaona sana.

Hofu ikiisha haijafutwa kama meseji. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu chenye umbo la lozi kinaitwa amigdala, hicho ndo kiliunganisha ile harufu na kifo, tena mara moja tu ikatosha. Ulivyoshuka wiki baada ya wiki bila kudhurika ubongo ukajifunza somo la pili, kwamba harufu hii haileti kitu, na la kwanza likabaki chini yake. Hilo la pili linategemea sehemu ya mbele ya ubongo, ndo inaiambia amigdala itulie. Mwaka 2002 watafiti Milad na Quirk walipima seli za sehemu hiyo kwa panya waliofundishwa kuogopa mlio kwa kupigwa shoti, halafu wakasikilizishwa mlio bila shoti mpaka wakazoea. Kesho yake, panya ambao seli zao ziliitikia mlio kwa nguvu ndo walioogopa kidogo zaidi.

Sasa tatizo liko hapa: somo la hofu linasafiri na wewe popote, la usalama linang'ang'ania pale ulipojifunzia. Sehemu inayotunza habari za mahali, hipokampasi, ndo inaamua lipi litoke. Wewe ulijifunza Kitonga, Alhamisi, mdogo wako yuko pembeni. Mlima Nyoka hukujifunza. Halafu ongeza miezi mitano, maana hata Pavlov, yule mwanasayansi aliyezoesha mbwa kutoa mate kwa ishara ya chakula, aliona hivyo: ishara ikija bila chakula mate yaliisha, ila yalirudi yenyewe baada ya mapumziko.

Kwa hiyo fanya mazoezi sehemu tofauti, siku tofauti, mara na mtu mara peke yako, na usishuke garini katikati ya safari hofu ikiwa juu, kama gari liko salama. Ukiona usingizi unakatika au ajali inakujia usiku, njoo kituo cha afya tusaidiane.

Mkwawa77
Mimi nafumba macho mwanzo wa mteremko nafumbua Mbuyuni, mwaka wa nne huu.

Muuguzi_Uyole
Kaka ndo maana mwaka wa nne bado unafumba. Ubongo unasema tumepona kwa sababu tulifumba macho, barabara yenyewe hauijui. Fumbua hata kona mbili za mwisho.

MamaVitunguu
Asante muuguzi, Mungu akubariki, nilikuwa nishaanza kujiona mwendawazimu. Leo asubuhi nimepanda tena, siti ya dirishani, dirisha wazi. Harufu ilikuja. Nimetetemeka mpaka karibu na stendi ya Uyole halafu ikashuka, nikaweza hata kumrudishia konda chenji aliyonizidishia. Jumamosi naenda Tukuyu peke yangu.