Mrejesho: vifaa vya kujifunzia uigaji wa mawakala wengi

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliomba vifaa vya kujifunzia programu za kuiga mawakala wengi (yaani vitu vingi vidogo ndani ya kompyuta, kila kimoja kikifuata kanuni zake), maana mwongozo niliokuwa nao ulinitoa jasho.

Nilifuata ushauri wa kuanza na NetLogo, programu ya kuigia yenye lugha yake rahisi, kabla ya kugusa Mesa, maktaba ya kazi hiyo hiyo kwa lugha ya Python. Kumbe nilichokuwa nakitafuta kimo humo humo: maktaba ya modeli, kila moja na maelezo yake na kodi unayoweza kuichezea. Ile ya moto wa msituni ndiyo iliyonifungua macho. Weka msongamano wa miti asilimia 55, moto unafia njiani. Weka 63, unafagia msitu hadi ukingo wa pili. Mgeuko uko karibu na 59. Nilikesha nasogeza kitelezi tu, kazi yenyewe ikanisubiri.

Kosa langu kubwa? Nilisahau kuandika clear-all, amri ya kufuta kila kitu, mwanzoni mwa setup, sehemu ya kodi inayoandaa modeli, basi kila nikibonyeza kitufe chake kasa (ndivyo NetLogo inavyowaita mawakala) wanaongezeka juu ya wale wa zamani. Siku mbili zilipotea hapo!

Bado nahitaji mazoezi ya BehaviorSpace, zana ya NetLogo ya kurudia jaribio mara mia na kuhifadhi matokeo. Mwenye nayo anitupie.