Mustang ya 1967: difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli) imekufa, niweke ekseli ipi?

mtoto_wa_tanga (Columbus, Ohio)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mzee Spana, kama upo humu, shikamoo.

Nina Mustang ya 1967, milango miwili, paa la chuma. Namba ya chesisi inaanza na 7F01T, yaani ilitoka kiwanda cha Dearborn, Michigan, ikiwa na injini ya silinda sita, ile ya inchi za ujazo 200. Aliyeniuzia alishaitoa hiyo injini zamani akaweka V8 ya 302 na gia boksi ya otomatiki ya C4. Kazi ya mbele aliifanya kwa mikono safi kabisa. Nyuma hakugusa kitu, na mimi siku ya kununua sikujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Kwa miezi miwili nikitoa gia R kwenda D nasikia "ko!" chini ya kiti cha nyuma. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye taa za Morse Road, zikawaka kijani, nikakanyaga mafuta. Sikukanyaga kwa fujo, watoto wangu wawili walikuwa nyuma. Ukasikika mlio mmoja mzito, kisha chuma kikaanza kusagana na chuma. Injini inanguruma, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) inazunguka, gari halisogei. Tulivutwa mpaka nyumbani.

Nimefungua kifuniko cha nyuma cha difu. Oli imetoka nyeusi inametameta kama mchanga wa Raskazone jua la saa nne, na kwenye sinia nimeokota meno matatu ya pinyoni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela. Nimeambiwa ni ekseli ya inchi 7¼ (kipimo cha gia kubwa ya difu), ya magari ya silinda sita, na kuitengeneza ni kutupa pesa. Hilo nimelikubali.

Sasa kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia tafuta "nane", yaani ya inchi 8, ya Mustang ya V8. Mwingine anasema chukua 8.8 ya Ford Explorer, ni imara na yadi za magari mabovu zimejaa. Wa tatu anasema bila "tisa" najidanganya. Mimi si mtu wa mashindano. Nataka Agosti niwapeleke wanangu Detroit, kwenye ule msafara wa magari ya zamani wa Woodward Avenue, turudi salama. Ni zaidi ya saa tatu za barabara kuu kwenda tu. Nimetenga dola 1,500. Rimu ni za chuma za inchi 14. Nisaidieni.

BintiGereji (Fort Worth, Texas)

Pole sana kaka, na shukuru Mungu ilikatikia kwenye taa, si kwenye barabara kuu.

Kabla sijasema lolote, nenda nje ukahesabu: tairi za mbele zimefungwa na nati ngapi?

mtoto_wa_tanga

Nne, dada. Na nyuma nne vilevile.

BintiGereji

Basi hesabu yako ni kubwa kuliko ulivyodhani, afadhali uijue leo.

Mustang za silinda sita za miaka ile zilikuwa na nati nne kila tairi, za V8 zina tano. Hizo ulizotajiwa, nane ya Mustang ya V8, 8.8 ya Explorer na tisa, ni za nati tano. Ukibadilisha nyuma peke yake utakuwa na gari la nati nne mbele na tano nyuma, utabeba spea taya mbili kila safari. Tena dramu zako za mbele ni ndogo, zilipimwa kwa injini ya nguvu farasi 120. Huyo aliyekuuzia alikuongezea nguvu ya kukimbia, ya kusimama akaiacha vilevile. Kwa hiyo unanunua ekseli na ncha za mbele, vyuma vinavyobeba tairi za mbele, kwa pamoja, upende usipende.

Sasa 8.8, kwa sababu ninayo kwenye yangu ya 1969. Inayotakiwa ni ya Explorer ya 1995 hadi 2001. Hizo zina breki za diski nyuma, shafti za meno 31 (nane yako ingekuwa na 28), na upana wake unakaribia kabisa wa Mustang ya 1967 hadi 1970. Yadi nililipa dola 260. Soma kibati kilichofungwa kwenye bolti ya kifuniko: ukiona herufi L katikati ya namba, mfano 3L73, ina klachi ndani za kugawa nguvu tairi zote mbili. Bila L ni difu ya kawaida.

Ila dola 260 ndiyo bei ya kuingilia mlangoni tu. Viti vya springi vya Explorer havikai mahali pa Mustang, nilivikata nikachomelea vingine. Mirija yake imeshindiliwa kwenye kichwa cha chuma cha kumimina na kushikwa kwa vidonge vya weldi, wengi huizungushia weldi kamili ili isijizungushe, na chuma cha kumimina hakichomelewi na mtu anayejifunza. Pua ya difu ina sahani ya bolti nne, propela ya Mustang haiingii hapo bila kubadilisha. Waya za handibreki nilitengenezesha. Masta silinda ya gari la dramu huacha mgandamizo kidogo kwenye bomba, diski hazitaki hicho, zitaburuza mpaka zichemke. Na rimu nyingi za inchi 14 hazipiti juu ya kalipa (kibanio cha diski), kwa hiyo ongeza rimu za 15 na tairi zake. Mwisho wa yote nilikuwa nimepita dola 1,900, na kuchomelea nilichomelea mwenyewe.

Naipenda ekseli yangu na singeibadilisha. Lakini mimi nina injini yenye nguvu kuliko yako na nilikuwa na miezi saba ya kusubiri. Wewe una mpaka Agosti.

Maskati_390 (Muscat)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Yangu ni ya 1967 pia, ya 390, imetoka kiwandani na tisa na mpaka leo haijalalamika. Ford waliitengeneza kuanzia 1957 mpaka 1986, na pinyoni yake inashikwa na beringi mbele na nyuma, haina nafasi ya kupinda. Kanunue ya kuundwa mpya kwa upana unaoutaka, ufunge, usahau habari ya difu maisha yako yote.

mtoto_wa_tanga

Waaleikum salaam kaka. Nimepiga simu kuulizia hiyo tisa mpya, pamoja na breki na shafti. Bei yake inakaribia nusu ya niliyonunulia gari zima. Siwezi, na sitaki kumdanganya mama watoto.

Dada, umenifungua macho. Usiku nilikwenda na tochi kupima dramu za mbele, ni za inchi 9. Nimekaa pale chini nikifikiria zile safari zote nilizopiga na watoto.

Mzee_Spana (Houston, zamani Mombasa)

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Huyo binti amekuambia la maana kuliko wote, na mimi ningeanza hapohapo.

Nimefungua difu tangu 1974, Bedford na Land Rover, chini ya mwembe kule Changamwe, kabla sijaona hizi za Ford. Kwa gari lako na matumizi yako, nenda na nane. V8 nyingi za 289 na 302 zilitoka nayo kiwandani. Haitaki kukata, haitaki kuchomelea: yu-bolti nne, bomba la breki, waya za handibreki, propela, basi. Na nakupendea jambo moja zaidi. Nane na tisa kichwa chake, chenye gia zote za difu, kinatoka mbele, unakibeba mpaka mezani, unapaka rangi meno ya krauni, ile gia kubwa, unazungusha, unaona pinyoni inagusa wapi, unarekebisha ukiwa umesimama wima. Hiyo 8.8 kila kitu kinapangwa ndani ya hausing'i, ganda la ekseli. Fundi wa nyumbani aliyelala chali chini ya jeki atafanya makosa.

Sasa mitego ya sokoni, maana utauziwa kila kitu kwa jina la "Mustang".

Upana. Pima kutoka uso unaokaa rimu upande mmoja mpaka uso wa upande wa pili. Ya 1965 na 1966 ni inchi 57.25. Ya 1967 hadi 1970 ni 59.25, ndiyo yako. Ya 1971 hadi 1973 ni 61.25. Ile nyembamba itafunga vizuri kabisa kwenye springi zako na muuzaji atakuapia ni yenyewe, kisha tairi zitaingia ndani inchi moja kila upande na gari litasimama kama ng'ombe aliyebana miguu.

Nane au tisa. Zote hazina kifuniko nyuma, kwa mbali zinafanana. Chukua boksi spana uijaribu kwenye nati zinazoshika kichwa. Kwenye nane inaingia zote. Kwenye tisa nati za chini zimebanwa na umbo la kichwa, lazima spana ya mdomo. Mtu asikuuzie nane kwa bei ya tisa.

Uwiano, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja. Hapa ndipo vijana wanapoharibu. C4 ina gia tatu, na ya tatu ni moja kwa moja, haina gia ya kupumzisha injini. Kwa tairi ya kimo cha inchi 26 na mwendo wa maili 65, zidisha 840 kwa uwiano wa difu, utapata mizunguko ya injini kwa dakika. Difu ya 3.00 ni 2,520. Ya 3.55 ni karibu 2,980. Ya 3.73 ni 3,130, na ya 4.10 inapita 3,400. Hebu fikiria saa tatu na nusu kwenda Detroit na watoto nyuma, injini inapiga 3,400 muda wote. Ikiwa 3.00 ndiyo utakayoipata, ichukue. Ikiwa 3.25, nzuri zaidi, ukiondoka kwenye taa utaisikia.

Halafu usitafute ekseli. Tafuta gari zima bovu la V8 la 1967 au 1968, lililooza bodi lakini halijagongwa mbele. Huko Ohio mnamwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, hayawezi kukosekana. Utoe ekseli, propela, ncha za mbele na dramu zake, tairodi (vyuma vya usukani), na rimu za nati tano. Tairodi za silinda sita ni nyembamba, usiziache.

BintiGereji

Naunga mkono, mzee. Nami ningefanya hivyo kama nisingekuwa na mashine ya kuchomelea. Kaka, propela ya gari hilo iwe imetoka kwenye C4 ya injini hizihizi ndogo, ndiyo urefu utalingana bila kukata.

mtoto_wa_tanga

Wiki sita baadaye nimerudi, kwa sababu nachukia mtu anayeuliza kisha anapotea.

Nililipata karibu na Mansfield: la 1968, 289 na C4, injini ilishauzwa, sakafu imeliwa mpaka unaona nyasi, lakini mbele limenyooka. Dola 900 pamoja na gia boksi, ambayo nimeiuza 200. Nilipima upana mbele ya muuzaji: 59 na robo. Boksi spana iliingia nati zote. Niliinua tairi mbili za nyuma, nikazungusha propela kwa mkono na rafiki yangu akishika tairi moja isizunguke. Propela mizunguko sita, tairi la pili minne. Tairi moja ikishikwa, ya pili huzunguka mara mbili zaidi, kwa hiyo nikagawa sita kwa nne, nikazidisha kwa mbili: 3.00.

Bolti ya kupumulia, ile inayoshika pia kigawanyo cha bomba la breki, ilikuwa imeziba kwa tope kavu kabisa. Ndiyo maana sili za pembeni zilikuwa zinavuja na dramu zimelowa oli. Nimeizibua kwa waya, nimeweka sili mpya, beringi mpya za pembeni na viatu vipya vya breki. Kichwa cha difu nimekitoa mezani, mzee, nikapaka rangi ya manjano kama ulivyosema. Alama imekaa katikati ya meno. Nimekirudisha bila kugusa kitu, kasoro gasketi.

Yu-bolti nimenunua mpya. Nimezikaza mara ya mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Mbele sasa kuna dramu za inchi 10 na nati tano, na tairodi nene. Jumla mpaka leo ni dola 1,410.

Jana nimekwenda nalo Mansfield na kurudi kwa barabara ya 71. Kwenye maili 65 mshale unasimama karibu 2,600. Kutoka R kwenda D haligongi tena. Kitu kimoja tu: nikiachia mafuta kati ya maili 45 na 40 kuna mlio mwembamba, kama mbu yuko nje ya neti. Nikikanyaga unapotea.

Mzee_Spana

Hongera mwanangu, umefanya kazi ya kiume na umeleta majibu.

Mlio wa kuachia mafuta, ukipotea ukikanyaga, mara nyingi ni pinyoni. Ama beringi yake imeanza kulegea, ama nati ya pua haijakazwa sawa na yule aliyeifungua kabla yako. Inua gari, shika sahani ya propela kwa mikono miwili, usukume juu chini na mbele nyuma. Ikicheza hata kidogo, usiende Detroit. Isipocheza, tembea maili 300, mwaga oli, pitisha sumaku. Ungaunga wa kijivu si kitu. Ukiona vipande, nipigie picha kabla hujafungua chochote.

mtoto_wa_tanga

Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Haichezi. Oli naimwaga wiki ijayo, picha nitaweka hapa.